Mlima Uliojengwa na Watoto Wachanga

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, na wanaoishi humo wanajua kuwa ipo, lakini jina lake sitalitaja. Silitaji kwa sababu naipenda, na pia kwa sababu kuna sheria inayokataza kuitaja nchi kwa sauti isiyo ya sherehe.

Ni nchi nzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ilikuwa tambarare. Ukimwaga maji uani, yalikaa palepale yakikutazama. Majirani zetu wote wana milima. Mmoja ana mlima wenye theluji, mwingine ana mlima wenye moto. Viongozi wetu walipokwenda kwenye mikutano ya mataifa walikunywa chai wakiwa wameinamisha vichwa, maana hapakukosekana mtu wa kuwauliza, "Na nyinyi, ndugu zetu, mna mlima gani?" Mtukufu Rais alikuwa akijibu kwamba wetu bado uko kwenye mchakato.

Hakujua kuwa anasema kweli. Kaskazini ya mji mkuu palikuwa na bonde, na humo ndimo taka za mji zilimomwagwa. Maganda ya ndizi yalioza. Makaratasi yaliungua. Vyuma na chupa waliviokota wenye shida zao. Kilichobaki ni nepi, zile za kutupa, ziitwazo Kavudaima, zinazoletwa na kampuni ambayo mwenyewe hajulikani, ila anafanana sana na shemeji yake Mtukufu. Nepi hazikuoza. Mvua iliponyesha zilivimba, jua lilipowaka zilikauka juu zikabaki mbichi ndani, na kila siku mpya zilimwagwa juu ya za zamani. Bonde likajaa, likafurika, kisha likaanza kupanda.

Siku moja rubani wa ndege ya abiria aliwaomba radhi abiria wake kwa kuyumba ghafla, akawaambia amekwepa mlima usiokuwamo kwenye ramani. Habari zilipofika Ikulu, watu wazima walikumbatiana.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Miinuko na Mandhari, na Waziri wake akawa Mheshimiwa Mwinyikombo, mtu mfupi ambaye hakuweza kuhutubia mpaka asimame juu ya kitu. Akasimama juu ya sanduku, mlima ukiwa nyuma yake, akasema:

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine zilipewa milima na Mwenyezi Mungu. Zilipewa bure! Zilijikuta nayo tu! Sisi wetu tumeujenga wenyewe, kwa jasho letu, mtoto kwa mtoto! Wako wapinga maendeleo wanaosema huu ni uchafu. Nawauliza, theluji ni nini? Si maji yaliyokataa kuondoka?"

Tulipiga makofi. Mlima ukapewa jina la Mlima Fanaka na kutangazwa hifadhi ya taifa. Makorongo wanaochokoachokoa pale wakapandishwa cheo, wakawa wanyamapori. Watalii walipewa pamba za kuziba pua, wakaelezwa kuwa hewa ya mlimani huwa nzito kwa wageni. Na kwa kuwa mlima usiokua ni aibu, ikatungwa Sheria ya Mchango wa Mwinuko: kila mama mwenye mtoto mchanga amvishe Kavudaima, na kila asubuhi azikabidhi zilizotumika kwa lori la serikali, ambalo lilipita mitaani likipiga wimbo wa taifa.

*

Chini kabisa ya mlima huo kuna mtaa uitwao Bondeni. Hapo aliishi Sikudhani, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyelima mchicha kando ya kisima cha mtaa na kuuza sokoni. Mume wake, Hamduni, alikuwa kiongozi wa watalii mlimani, na aliipenda sana sare yake. Mama yake Hamduni, Bi. Havijawa, aliishi nao. Bi. Havijawa hakuwa msemaji, isipokuwa juu ya mambo yanayomkera, nayo yalikuwa mengi.

Sikudhani na Hamduni walikaa miaka bila mtoto. Walipompata Chausiku, Sikudhani alimtii kila mtu aliyempa ushauri. Aliitii hospitali, akawatii mashangazi, akaitii na serikali. Alimvisha mwanawe Kavudaima, akazikabidhi kwa lori, na wimbo wa taifa ulipopigwa alisimama wima akiwa na mfuko mkononi.

Kisha mtoto akaanza kulia kwa namna nyingine. Mapajani na makalioni alitoka vipele, vipele vikawa vidonda, na kila alipoogeshwa alipiga kelele kama aliyemwagiwa pilipili. Wakati huohuo maji ya kisima yalikuwa yamebadilika. Ukivuta ndoo, juu yake kulikuwa na povu, na chini yake kulikuwa na harufu. Mchicha ulitoka majani ya njano. Mvua kila iliponyesha, vijito vyeusi vilichuruzika kutoka mlimani na kuelekea moja kwa moja kisimani.

Wanawake wa Bondeni walimwita Afisa Mwinuko wa Kata, Bwana Ndauka. Alichungulia kisimani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasema, "Hongereni. Hayo ni madini. Kila mlima wenye heshima una chemchemi zake."

"Basi kunywa, baba," alisema Bi. Havijawa.

"Mimi nimekatazwa madini na daktari," alijibu Bwana Ndauka.

Sikudhani alimbeba mtoto mpaka zahanati. Muuguzi alimfunua Chausiku, kisha akaenda kufunga mlango.

"Siruhusiwi kusema kuwa ni maji," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo sisemi kuwa ni maji. Wala siruhusiwi kusema kuwa ngozi yake inafungiwa joto kutwa nzima ndani ya plastiki. Sijasema. Mama, mwogeshe kwa maji ya mvua, na umwache apumue. Hilo ni langu na wewe."

Aliporudi nyumbani, Sikudhani alikaa kitandani na mtoto mapajani, na machozi yakamtoka. Bi. Havijawa alimtazama, akaondoka, akarudi akiburuta sanduku la bati. Akatoa vitambaa vyeupe vya pamba, vilivyokunjwa vizuri, laini kwa kufuliwa mara nyingi, pamoja na pini zake.

"Kavaa huyu," alisema, akimwelekezea kidevu Hamduni, ambaye alikuwa ameingia tu na sare yake. "Kavaa na dada yake. Na wajukuu nao watavaa."

"Mama, jamani," alisema Hamduni. "Mimi ni mtumishi wa umma."

"Ulikuwa mtumishi wa umma ulipovilowesha?"

Kuanzia siku hiyo Sikudhani alitega pipa chini ya bati la nyumba. Choo cha mtoto alikikung'uta chooni, kitambaa akakiloweka, akakifua kwa sabuni ya mche, akakitia katika maji yanayochemka, akakisuuza na kukianika juani. Maji ya mwisho aliyamwaga kwenye migomba. Ilikuwa kazi, sitaki kumdanganya mtu. Mikono yake iliota sugu, na siku za mawingu alizunguka na vitambaa vibichi akitafuta upenyo wa jua kama anayemtafuta mdeni wake. Lakini vidonda vikakauka. Ngozi ikarudi. Asubuhi moja Chausiku aliogeshwa, na badala ya kupiga kelele akacheka, akayapiga maji kwa kiganja. Sikudhani alisimama pale na beseni, akajua kuwa hatarudi nyuma, hata aje nani.

*

Alikuja Bwana Ndauka. Alizikuta nepi zimeanikwa uani, zikipepea.

"Mama Chausiku, lori limenishtakia kuwa hutoi mchango."

"Lori linasema?"

"Dereva wa lori. Usinichanganye. Unajua kuwa wiki iliyopita mlima wetu haukukua kama ilivyotarajiwa? Jirani zetu wanatucheka. Halafu nafika hapa nakuta hivi vitambara! Mama, unaharibu mazingira."

"Mimi?"

"Wewe! Profesa wa Wizara amefanya utafiti, nepi ya kitambaa inakunywa maji kuliko ng'ombe. Inakula sabuni, inakula kuni. Tazama migomba hiyo ilivyolowa. Nchi ina shida ya maji, wewe unafua!"

Sikudhani aliendelea kuanika. "Kweli inakunywa maji, Bwana Ndauka, sikukatalii. Ningekuwa nafua kwa mashine, kwa maji ya bomba yaliyochemshwa kwa umeme, kila kitambaa kimoja peke yake, ningekuwa na kesi ya kujibu. Mimi nakinga mvua, nafulia beseni moja, ninakaushia jua, na mgomba unamalizia. Haya nimekujibu. Sasa na wewe nijibu, hizo zenu zinakunywa nini?"

"Hazinywi kitu. Ndiyo maana zikaitwa Kavudaima."

"Basi hayo meusi yanayoingia kisimani yanatoka wapi?"

Bwana Ndauka alitazama kulia na kushoto. "Hilo ni swali la kitaifa, mama. Maswali ya kitaifa hayaulizwi uani."

Alipoondoka, Hamduni alianza. "Sikudhani, nakuomba. Mvishe moja tu kwa siku, ya kuonyesha. Mimi kazi yangu iko pale juu. Nikifukuzwa tutakula nini?"

"Mchicha uliokuwa ukituongezea umekufa, na umeuawa na kazi yako. Umewahi kulifikiria hilo ukiwa na watalii wako?"

"Sheria ni sheria."

"Na ngozi ni ngozi. Mshike mwanao, Hamduni. Mshike hapo palipokuwa na vidonda. Kisha uniambie wewe mwenyewe nimvishe."

Hamduni alimpokea mtoto, akampakata muda mrefu. Hakuwaambia wamvishe. Lakini hakusema pia kuwa wasimvishe. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wa nchi ile wamefundishwa kunyamaza kwa ustadi mkubwa.

Baada ya siku chache askari walikuja kuzikamata nepi zilizoanikwa. Walizikuta mbichi, na kanuni za polisi zinakataza kupokea kidhibiti kinachochuruzika, kwa hiyo walikaa kivulini wakisubiri zikauke. Bi. Havijawa aliwaonya wasizianue kabla ya pindo kukauka, nao wakamtii. Mchana zilipokauka wakazikunja vizuri, wakaondoka nazo, na Sikudhani pia, mtoto mgongoni.

*

Shtaka lilikuwa ni kuhujumu kimo cha taifa. Mahakama ilijaa. Mheshimiwa Mwinyikombo alikuja mwenyewe, akaketi mbele juu ya mito miwili. Hakimu, mzee mnene aliyekuwa akisinzia kwa vituo, aliamuru kesi ianze.

Upande wa serikali ulimleta Profesa, naye akaleta sinia lililofunikwa kitambaa. Alivaa glavu, akafunua. Palikuwa na nepi moja, rangi ya kijivu.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema Profesa kwa fahari, "hii imechimbuliwa kwenye kitako cha mlima. Ni ya zama za Mtukufu wa kwanza! Tazameni lastiki yake. Tazameni mikunjo yake. Iko vilevile! Mimi na wewe tutakuwa mavumbi, Mheshimiwa, nayo itakuwapo. Je, kitambaa cha mshtakiwa kinaweza kulitumikia taifa namna hii?"

Upande wa serikali ulipiga makofi. Waziri alifuta chozi.

Sikudhani akaomba kuuliza swali. "Profesa, mtoto aliyeivaa hiyo yuko wapi?"

"Mtoto?" Profesa alifikiri. "Kwa makadirio ni mtu mzima sana. Au marehemu."

"Kwa hiyo mtu amezaliwa, amekua, ameoa, amezeeka, huenda amezikwa na udongo umemmaliza. Na nepi aliyoivaa asubuhi moja, mpaka saa ya chai tu, bado haijaanza hata kuoza."

"Hasa!" alisema Profesa kwa furaha. "Hasa! Umenielewa vizuri."

Watu wa nyuma, wengi wao kutoka Bondeni, waliacha kujipepea. Hata hakimu alifumbua macho yote mawili, akaitazama ile nepi kama aliyeonyeshwa kaburi lake. Lakini alikuwa na hukumu aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na hakuwa mtu wa kupoteza kitu kilichokwisha kutayarishwa. Akasema mshtakiwa amekubali mwenyewe kuwa nepi ya serikali ni imara, na kwa hiyo amepatikana na hatia. Siku ya Mwinuko, ambayo ni sikukuu ya taifa, atapanda Mlima Fanaka mbele ya Waziri na redio, ataweka kileleni nepi aliyomvua mwanawe, na ataomba radhi kwa mlima. Akikataa atafungwa, na mtoto atachukuliwa na Wizara alelewe kwa uzalendo.

Neno la mtoto kuchukuliwa ndilo lililomwingia Sikudhani. Alitoka mahakamani akiwa amemkumbatia Chausiku kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

*

Siku ya Mwinuko ilikuwa na jua kali. Hamduni ndiye aliyepangiwa kumwongoza mshtakiwa, kwa kuwa Wizara iliona jambo hilo lina mvuto. Walipanda kwa njia ya watalii, juu ya mbao, Sikudhani akiwa na mtoto mgongoni, ardhi ikibonyea chini yao na kutoa sauti ya majimaji. Kwa mazoea Hamduni akaanza maelezo yake: "Kushoto kwetu tunaona Mteremko wa Umoja, ambako..." Akaishia hapo. Kutoka pale aliweza kuliona bati la nyumba yake, kisima, na ule mstari mweusi unaotoka miguuni pake kwenda kisimani. Alikuwa ameuona mamia ya safari, na kila safari aliwaambia wageni kuwa ni kivuli.

Akachomoa pamba puani, akavuta pumzi, akakohoa mpaka akachutama.

"Mke wangu," alisema alipopata sauti, "ukifika juu, sema utakalo. Mimi niko nyuma yako."

"Na kazi?"

"Kazi gani? Hii?" Akavua kofia ya sare, akaitupa. Mlima ukaimeza.

Kileleni palikuwa na jukwaa, bendera, bendi na kipaza sauti cha redio kilichounganishwa moja kwa moja na nchi nzima. Mheshimiwa Mwinyikombo, akiwa juu ya sanduku lake, alisema kwamba mlima ule ni mali ya Wizara, na kwamba siku hiyo mama aliyepotea amerudi kwenye kifua cha mlima. Kisha akamkabidhi Sikudhani Kavudaima moja mpya, maana hakuwa na ya kumvua mwanawe, akamsogezea kipaza sauti.

"Mimi ni Sikudhani wa Bondeni," alisema, na ile sauti yake ya chini ikaingia katika kila nyumba yenye redio. "Nimeambiwa niuombe radhi mlima. Mlima, mimi na wewe hatuna ugomvi. Hukujileta. Umeletwa na lori, na sisi tumekunywa maji yako, na watoto wetu wameota vidonda, na tukiuliza tunaambiwa ni madini. Radhi naiomba kwa mwanangu, kwa siku zote nilizosimama wima na mfuko mkononi. Hii mpya sitaiweka. Anayetaka mlima urefuke aivae mwenyewe."

Akamrudishia Waziri nepi yake. Kisha akainama, akachomoa nepi moja kuukuu pale miguuni, akaitia katika mfuko wa plastiki, akafunga fundo.

"Unafanya nini?" aliuliza Waziri.

"Mheshimiwa umesema mlima ni wa Wizara. Naipelekea Wizara mali yake."

"Mama! Weka chini! Unapunguza nchi!"

Askari walisogea, kisha wakatazamana. Sheria ilimwadhibu asiyepandisha nepi. Hakuna mtunga sheria aliyewahi kuwaza kuwa atatokea mtu wa kuishusha. Wakati wakubwa zao wakishauriana, Sikudhani na Hamduni walikuwa wamefika nusu ya mteremko, na chini Bondeni nzima ilikuwa imetoka nje, maana wote walikuwa wamesikiliza redio.

Jirani yake, Zamda, aliyefanya kazi ya zamu kiwandani, ndiye aliyemfikia kwanza. "Shoga, nakuunga mkono, lakini nikwambie kweli. Mimi nikitoka kiwandani sina mgongo wa kufua. Nitaendelea na hizihizi."

"Endelea, dada, nani amekukataza? Mimi sikuja kumvua mtoto wa mtu. Ila ukishamvua, asimwagiwe jirani yako. Arudishiwe aliyeitungia sheria, aliyesema anaitaka sana."

Zamda akapanda mlimani, akashuka na mifuko miwili.

Ulikuwa msafara mrefu kuliko wa Rais. Walipita katikati ya mji, kila mtu na mfuko wake, bila kupiga kelele, na mbele ya Wizara ya Miinuko na Mandhari wakaziweka nepi kwenye majani mazuri yaliyokatwa vizuri, chini ya dirisha la Waziri. Kesho yake walikuja tena. Wakaja na watu wa mitaa mingine, waliokuwa wakingoja tu mtu mmoja aanze. Akina mama walioshindwa kufua hawakungoja lori tena, walipitia Wizarani wakienda kazini.

*

Mwanzoni serikali haikukubali kuwa kuna tatizo, kwa hiyo hata Sikudhani haikumfunga, maana kumfunga kungekuwa kukiri kuwa lipo. Ilitangaza kuwa Mlima Fanaka umezaa, na mtoto wake ameamua kukaa mjini karibu na viongozi. Mtukufu alituma salamu za pongezi. Lakini mtoto akakua. Harufu ikaingia kwa njia ya viyoyozi. Kisima cha Wizara kikaanza kutoa povu, na katibu mkuu, aliyekuwa hajaambiwa, akanywa chai yake na kulazwa. Balozi mmoja mgeni alizimia ngazini akiwa na hundi ya msaada mkononi, akapepewa, alipozinduka akaondoka nayo.

Hapo ndipo Bunge likaitwa kwa dharura. Mheshimiwa Mwinyikombo, akiwa juu ya kiti, alilia mbele ya wabunge. "Waheshimiwa, mimi nina watoto! Ninapumua! Nina pua kama nyinyi! Hivi kweli mtu anaweza kuletewa jambo kama hili mlangoni pake?" Wabunge waliguswa. Sheria ikapita siku hiyohiyo, bila mtu wa kupinga, na ikasomwa redioni: ni marufuku kulundika nepi zilizotumika jirani na mahali popote wanapoishi au kufanyia kazi binadamu. Malori yakaamriwa kuuzoa mlima mdogo wote na kuurudisha Bondeni.

Sikudhani alisikia habari hiyo akiwa anafua. Alimwambia Hamduni aongeze sauti ya redio. Aliposikia sheria inarudiwa mara ya pili, akafuta mikono, akambeba mtoto, akaenda mahakamani, majirani wakimfuata. Alimkuta hakimu yuleyule.

"Wewe tena?" alisema hakimu. "Una kesi gani?"

"Sina kesi, Mheshimiwa. Nina swali juu ya sheria mpya. Inasema mahali wanapoishi binadamu. Nataka mahakama inisaidie, sisi watu wa Bondeni tumo?"

Hakimu alimtazama wakili wa serikali. Wakili wa serikali alisimama, akaketi, akasimama tena, akaenda kupiga simu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi shingo yake ilikuwa na jasho.

"Mheshimiwa Hakimu, serikali inaomba muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kutafakari, Mheshimiwa. Swali ni zito kuliko linavyosikika. Tukijibu kuwa wamo, malori hayana pa kwenda. Tukijibu kuwa hawamo, kuna suala la uchaguzi, maana huwa wanapiga kura. Tunapendekeza iundwe kamati ya wataalamu."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Hakimu alivua miwani. Nilikuwapo, nilimwona. Aliwatazama watu wa Bondeni walioshonana nyuma ya chumba, mmoja mmoja, kana kwamba ndiyo anaanza kazi yake siku hiyo. Kwa dakika nzima nilidhani atasema neno. Akasema kesi imeahirishwa mpaka serikali itakapopata jibu.

Malori hayakusubiri. Mchana huo yalipanga foleni, yamejaa mpaka juu, yakaja Bondeni yakipiga wimbo wa taifa. Penye mlango wa mtaa yalikuta barabara imejaa watu. Zamda alikuwapo na sare yake ya kiwandani. Muuguzi wa zahanati alikuwapo, naye safari hii alikuwa akisema kwa sauti kubwa. Bi. Havijawa alikuwa amekaa chini kabisa, katikati ya lami, miguu ameinyoosha. Mbele yao wote alisimama Sikudhani na mtoto mgongoni, Hamduni kando yake.

Lori la kwanza lilikuwa la zamani, lenye pua ndefu. Lilisimama hatua chache tu kutoka kwake. Dereva akatoa kichwa nje.

"Mama, tupishe. Nina amri."

"Amri ya kumwaga wapi?"

"Hapa."

"Hapa hapajulikani bado ni kwa nani. Serikali inafikiria kama sisi ni binadamu. Zima injini, mwanangu, ungoje nayo jibu. Au ukiwa na haraka, tujibu wewe."

Dereva aliwatazama watu. Akalitazama lile kundi la mabibi, mama na watoto wa mgongoni lililokuwa likimtazama na yeye. Nyuma yake honi zilipigwa, na afisa mmoja alipiga kelele kuwa asonge mbele, asonge mbele, nani amemwambia asimame? Dereva akazima injini. Wimbo wa taifa ukakatika katikati ya ubeti. Akashuka, akafunga mlango, akauweka ufunguo mfukoni.

Walikaa pale. Boneti ilipopoa, Chausiku akaanza kulia, maana amelowa. Sikudhani akamfungua mgongoni, akatandika kanga juu ya boneti ya lori la serikali, akamlaza hapo mbele ya afisa, askari na foleni nzima, akachukua kitambaa kikavu, akambadilisha nepi taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu aliye nyumbani kwake.